Kinena Nilichokiita Goti

Ndugu zangu wa jogingi, na ninyi wenzangu wa timu ya maveterani, mmeamkaje. Wazee wangu mliokaa upande wa kivuli, shikamooni. Ambaye hajapata kiti achukue tofali akalie, yamejaa uani humu, yote ni ya kwangu.

Mwenyekiti ameniomba niseme maneno machache kabla ya chai. Nimemkubalia kwa sababu moja. Kwenye kikosi chetu watu wanne wanachechemea, na kila ninayemuuliza ananiambia ni goti, au mgongo, au amelala vibaya. Leo asubuhi niliwaangalia mkishuka kwenye gari. Mnashika mlango, mnatoa mguu mmoja, mnasita, halafu mnauvuta wa pili kama mtu anayevuta gunia. Hilo si goti. Mimi nilishuka kwenye gari namna hiyo karibu mwaka mzima, nikiwaambieni ninyi wote kwamba ni goti.

Mnanijua mimi ni mtu wa kuongea kwa sauti. Leo mtanivumilia. Hii habari imenichosha kuibeba na inanichosha kuisema. Sitamtaja mtu jina. Atakayejitambua anyamaze tu.

Kwanza wale wageni mnijue. Mimi ni mtu wa kando ya Mtera, mtoto wa mchunga mbuzi. Shule niliishia darasa la nne. Nilikuja Ihumwa na koleo moja na shati moja, nikaanza kufyatua tofali kwa mkono, kwa kibao, peke yangu, kwenye kiwanja cha mtu. Leo nina mashine, nina malori, nina vijana wanaokula kwa jasho la uani humu. Anzia hapa uende mjini ukihesabu nyumba zilizosimama kwa tofali langu, utachoka kabla hujafika. Hakuna aliyenishika mkono. Niliamini mwili huu ni chuma, kwa sababu ndio mtaji pekee niliokuja nao.

Na mpira niliujua. Hilo hata wasionipenda wanalikubali. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unaweka krosi kichwani kwa mtu kama unavyomwekea mgeni chakula mezani. Nilikuwa napiga kona zote, faulo zote, na penalti. Kupasha misuli sikujua maana yake. Nilikuwa nafika uwanjani nimetoka kupakia saruji, navalia njumu pale pale mlangoni kwa lori, naingia. Wenzangu wakirukaruka pembeni nawauliza kama wamekuja kucheza ngoma.

Nakumbuka ilikuwa kipindi cha upepo, ule wa baridi unaokausha midomo. Nikapiga krosi moja ndefu, nikasikia kitu kimenifinya ndani ya paja, juu kabisa, pale paja linapokutana na mfupa wa kinena. Msicheke. Hapo hapo mnapopafikiria, kando kidogo. Nikamaliza mechi. Kesho yake nikashindwa kuinua mguu kuvaa suruali, nikakaa kitandani nikaivaa kama mtoto.

Mama watoto akaniuliza ninaumwa nini. Nikamwambia goti.

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo lilinitoka lenyewe. Mtu mzima, baba wa watu, mwenye wafanyakazi, unamwambiaje mtu kwamba unaumwa kinena? Atadhani umeokota ugonjwa mahali. Atadhani nguvu zimekwisha. Goti ni la heshima. Goti unalishika mbele ya watu, unalifunga bandeji, watu wanakupa pole. Nikanunua soksi ya goti, nikaivaa juu ya goti zima lisilo na kasoro, nikaendelea.

Lakini kinena hakidanganyiki. Nikikohoa, kinauma. Nikipiga chafya, najishika ukuta. Nikijigeuza kitandani, naamka. Chooni kuchuchumaa ikawa kazi ya kujipanga. Kanisani wenzangu wakipiga magoti mimi nabaki nimesimama nyuma kama mlinzi. Uwanjani winga wetu wa kulia, ambaye yuko hapa na anacheka sasa hivi, akaniuliza mbele ya watu mbona siku hizi napiga kona kama mtu anayesukuma mkokoteni wenye pancha. Nikamtukana. Anisamehe.

Miezi miwili ikapita, nikaenda hospitali mjini. Daktari niliyemkuta alikuwa na foleni ndefu, nikamwambia goti, akanishika goti, akaniandikia niende chumba cha fiziotherapia, kule wanakotibu misuli na viungo kwa mazoezi. Nikasukuma mlango. Ndani, kwenye koti jeupe, nikamkuta mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa.

Nilijua anafanya kazi hospitali. Sikuwahi kuuliza anafanya kazi gani. Kwangu kazi iliyohitaji kusomewa miaka yote ile ilikuwa kazi ya kukaa.

Sasa wenzangu mliokulia kunako mila mnanielewa. Kule kwetu, mke wa mwanao hukai naye mkeka mmoja. Humpi mkono. Akipita, unampisha. Akikuletea chakula anaweka mbali anarudi nyuma. Na huyu ni binti mwenye heshima zake, hata pale hospitali alipiga goti akaniamkia, wagonjwa wengine wakitazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini, baba, ni wapi? Nikamwonyesha goti.

Akalichunguza. Akalikunja, akalinyoosha, akalibonyeza kote. Akaniambia kwa adabu kwamba goti hili haoni shida yake, na kwamba nyonga ikiumia maumivu huweza kushuka mpaka kwenye goti. Je, hakuna mahali pengine juu zaidi panaponiuma? Nikajibu hakuna. Akauliza mara ya pili. Nikakaza. Akanipa mazoezi ya goti, nikatoka pale natembea kwa kujikaza ili asinione ninavyochechemea.

Mtaalamu alikuwa mbele yangu. Dawa ilikuwa mbele yangu. Nikaondoka.

Nikaenda kwa mzee mmoja mchua misuli, mwanaume mwenzangu, yeye nikamwambia ukweli. Simlaumu, ndivyo alivyojifunza. Alichemsha maji, akaloweka taulo, akanichua kwa mafuta na vidole vigumu kama misumari, pale pale penye kidonda cha ndani. Nililia, sifichi. Kwa siku mbili nikajiona mzima, siku ya tatu ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nikarudi kwake. Nilirudi mara nyingi.

Ndipo ikaja mechi ya Kolo.

Mnaikumbuka. Tulialikwa na maveterani wa kule, watu wa Kondoa, watu wakarimu sana, walichinja mbuzi wawili kwa ajili yetu. Nahodha ni mimi, usafiri nimetoa mimi, jezi nimenunua mimi. Ningewezaje kukaa benchi? Nikapitia duka la dawa, nikamwambia muuzaji anichome sindano ya kutuliza maumivu. Akaniuliza inauma wapi. Nikamwambia goti.

Dakika ishirini za kwanza nilicheza kama kijana. Sikusikia kitu. Nikajisifu kwa kila niliyemkaribia. Halafu mpira ukaja pembeni, kwa kasi, kwenye ule uwanja mgumu wa changarawe, nikajitanua kuufikia kabla haujatoka. Mguu mmoja ukabaki huku na mwingine ukaenda kule. Nikasikia kuchanika. Ninyi mliokuwa karibu mlisema mlisikia mimi nikipiga kelele, lakini mimi nilisikia kwanza ule mchaniko, kama kitambaa cha turubai.

Nilirudi Dodoma nimelala kwenye bodi ya pikapu, nimefunikwa jezi za wenzangu. Hakuna aliyenitania njia nzima. Hapo nikajua ni kubwa.

Siku ya pili paja lote la ndani likawa jeusi, kuanzia kinena kushuka. Mama watoto akaja na maji ya kuniogesha, akafunua shuka. Akatazama muda mrefu. Akaniuliza taratibu, bila hasira:

"Baba fulani, hilo goti lako limepanda lini mpaka huku?"

Nilikuwa nimeoa mwanamke huyu zaidi ya miaka ishirini na tano, na nilikuwa nimemdanganya kuhusu mguu.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali, na yeye ndiye aliyesema pa kutazama. Wakahakikisha si ngiri, wakapiga eksirei ya nyonga. Mfupa haujavunjika. Msuli wa ndani ya paja umechanika, na kiungo cha nyonga kimeanza kulika kwa sababu ya mizigo ya miaka yote. Wakaniambia bila mazoezi yaliyosimamiwa vizuri nitapona vibaya, na nitapona vibaya mara nyingi. Wakanielekeza chumba kile kile. Nikakataa katakata. Nikasema nitapumzika nyumbani.

Mama watoto akaenda kumwita mkwe. Na hapa ndugu zangu ndipo ulipo ujinga wangu mkubwa, maana hata baada ya kuumbuka, bado niliweka masharti. Nikasema sawa, aje, lakini asinione. Tukafunga pazia katikati ya sebule. Mimi nimelala upande huu kwenye jamvi, mkwe wangu amekaa kwenye kigoda upande ule, na mama watoto anakwenda na kurudi kati yetu kama mkalimani. Binti anasema, mama, bonyeza taratibu pale mfupa unapoanza, muulize baba kama panauma. Mama watoto anabonyeza, ananiuliza, mimi najibu panauma kidogo, anarudisha jibu upande wa pili, ingawa wote tumesikia.

Kila Jumapili baada ya ibada. Binti alitoka kwake, akabadilisha gari mara mbili, akaja kukaa nyuma ya kitambaa.

Zoezi la kwanza lilikuwa jepesi kulisema. Unalala chali, unakunja magoti, unaweka mpira wa miguu katikati ya magoti, unaubana taratibu, unahesabu hadi kumi, unaachia. Nikalidharau. Mtu aliyebeba saruji maisha yake yote abane mpira? Tena zoezi lilikuwa linauma, na mimi sikutaka mke wangu aone linauma. Kwa hiyo nikawa nalala kimya, mama watoto akienda kuangalia chungu naguna mara kumi, nasema tayari. Wiki nzima katikati hapo sifanyi kitu. Jumatatu nipo uani nanyanyua mifuko kuwaonyesha vijana kwamba bosi yupo. Mwezi wa pili wa mazoezi hayo nikaona nimepona, nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga mpira ukutani mara tatu. Mara ya tatu nikaanguka chini, nikakaa pale mavumbini mpaka mama watoto akanikuta.

Jumapili iliyofuata binti akaja kama kawaida. Akauliza maendeleo. Mama watoto akasimulia. Halafu nikamsikia akisema, hakusema na mimi, alisema na mama mkwe wake, taratibu kabisa, kama mtu anayeaga:

"Mama, mimi siwezi kulitibu pazia. Simwoni anavyokunja mguu, simwoni anavyodanganya. Baba akiendelea hivi atatembelea fimbo, na watu wataniuliza mimi nilikuwa wapi."

Nililala nikitazama dari. Nilitegemea nitakasirika, hasira haikuja. Nilichokiona ni uchovu. Nilikuwa nimechoka kuumwa, nimechoka kujikaza mlangoni kwa gari, nimechoka na lile neno goti. Na nikamfikiria huyu mtoto wa watu akiulizwa msibani, au sokoni, au kwa wazazi wake, baba mkwe wako imekuwaje, na wewe ndiyo kazi yako? Aibu yangu nilikuwa nimeichukua nikamtwisha yeye.

Nikasema, "Mama fulani, funua pazia."

Hakufunua. Alidhani hajasikia vizuri. Nikainuka kwa kiwiko nikalivuta mwenyewe, na kamba ikakatika. Binti akainamisha uso, akapiga goti. Nikamwambia asimame. Nikaweka kidole changu mwenyewe pale kwenye kinena, mbele ya mke wangu na mbele ya mkwe wangu, nikasema ni hapa, tangu siku ya kwanza ni hapa, kinena.

Akafuta machozi kwa ukingo wa kitenge, akasogeza kigoda. Na ile heshima ya kuongea chini chini ikaisha siku hiyo hiyo. Ndugu zangu, yule binti ni mkali. Alinipa amri kama sajini. Mkono chini. Kiuno usikiinue. Baba, huo si mbano, huo ni usingizi. Mama watoto alicheka mpaka akatoka nje.

Na akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Alisema nguvu zangu ni za kunyanyua kitu na kukiweka juu, lakini msuli wa ndani ya paja sikuwahi kuufanyisha kazi ila siku ya mechi, tena ghafla, tena ukiwa baridi. Tumbo langu la chini na misuli ya makalio ilikuwa imelala, kwa hiyo kila krosi niliyopiga ilivutwa na kamba moja tu. Akasema kupumzika peke yake kunaondoa maumivu lakini hakurudishi nguvu, ndiyo maana unapumzika, unarudi, unachanika tena. Akanipa kipimo ninachokitumia mpaka leo. Maumivu madogo wakati wa zoezi si neno. Yakiwa makali, acha. Na ukiamka nayo kesho yake asubuhi, jana ulizidisha, punguza.

Ilichukua miezi. Msidanganyike na anayewaambia wiki mbili. Kwanza mpira katikati ya magoti. Halafu kulala ubavu na kuinua mguu wa chini. Halafu kutembea pembeni pembeni kama kaa, na mpira wa tairi la baiskeli umefungwa kwenye mapaja, hapa uani, vijana wakinitazama. Halafu lile la ubavu mguu wa juu ukiwa juu ya kigoda, unajiinua na kiuno, hilo siwezi kulielezea, linamfanya mtu aseme ukweli wote. Halafu kukimbia moja kwa moja bila kukata kona. Halafu kukata kona polepole. Mpira niliruhusiwa mwisho, pasi za karibu kwanza, na krosi ndefu baada ya mimi mwenyewe kukata tamaa kwamba sitaruhusiwa.

Siku nyingi sikutaka. Nawaambia kweli. Unaamka, hakuna anayekushangilia, ni wewe na jamvi. Mama watoto alikuwa analala kwenye jamvi la pili anafanya na mimi, na akanizidi. Bado ananizidi.

Leo ninacheza dakika ishirini na tano, halafu natoka mwenyewe bila kungoja kuambiwa. Ule mguu wa zamani haujarudi, na sidhani kama utarudi. Nyonga ikipata baridi inanisemesha. Lakini nachuchumaa. Napiga magoti kanisani. Navaa suruali nimesimama. Nimejenga vitu vingi katika maisha haya kwa mikono yangu, na nimezoea kusema hakuna aliyenisaidia, ila mguu huu siwezi kusema nimeujenga mimi.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru mke wangu aliyeuliza swali moja. Nawashukuru ninyi mlionilaza kwenye pikapu mkanifunika. Nawashukuru watu wa Kolo waliosimamisha mechi. Na namshukuru mkwe wangu, mbele yenu wote, na kama kuna mzee hapa anaona nimevunja mila kwa kumshukuru mbele za watu, basi nimevunja.

Somo langu ni fupi. Unapoumia, taja mahali penyewe. Pataje kwa jina lake, kwa mtu anayejua kutibu, siku ile ile, hata kama anakuita baba. Usichomwe sindano ili ucheze. Usichuliwe kwa nguvu pale palipochanika. Na kwa wazima, fanyeni mazoezi ya kinena na nyonga mara mbili kwa wiki hata kama hakuna mechi, na kabla ya mechi mpashe misuli. Nitakuwa wa kwanza kurukaruka pale pembeni, mniulize kama nimekuja kucheza ngoma.

Sasa, chai inachelewa kidogo. Mkwe wangu yupo, ndiye yule aliyesimama na akina mama pale mlangoni, na amekubali kuwatazama wale wanne mmoja mmoja. Najua hamtasimama. Mnatazamana. Kuna mmoja ameshaanza kushika goti.

Mwenyekiti, naomba jamvi litandikwe hapa katikati, hapa mnaponiona. Nipeni na mpira. Binti yangu, njoo, usiogope, njoo uwasimamie. Ninyi wengine tazameni ninavyolala. Naanza mimi.